Katikati ya Kitanda

Ruiru, shambani
Ijumaa, 9 Februari 2024

Mama Jackie,

Usishtuke kumwona Gachau mlangoni na bahasha. Hakuna aliyekufa. Gachau ndiye dereva wetu wa shamba, yule wa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na kila Ijumaa ana safari ya Thika. Nimemwomba apitie Makongeni.

Najua utauliza mbona sikupiga simu. Sisi kwa simu hatufiki mbali kabla ya kukosana. SMS nazo nikiandika fupi unasema nimekuamrisha. Zamani ulipokuwa kiwandani nilikuwa nakuandikia barua, na sikumbuki tukikosana kwa karatasi.

Shamba limeuzwa. Tuliitwa sote pale kwenye mashine ya kumenya kahawa, meneja akasimama juu ya ngazi akaongea kwa muda mrefu. Sikushika yote, Gachau alinieleza baadaye. Wanataka kujenga nyumba za geti, zile za ukuta na mlinzi. Wapima ardhi wameshapiga vigingi vyekundu katikati ya mistari ambayo nimeipogoa mwenyewe tangu nikiwa kijana. Na kahawa sasa imechanua. Shamba lote ni jeupe, na ile harufu unaijua. Itang'olewa na maua yake.

Sisi tunaokaa kwa nyumba za wafanyakazi tunatakiwa tuwe tumetoka mwisho wa Aprili.

Kwa hivyo nafikiri nije nyumbani. Nimeandika "nafikiri" lakini kwa kweli sina pengine pa kufikiria. Vitu vyangu si vingi. Redio nimempa Gachau. Kitanda cha huku ni cha shamba. Nitakuja na nguo, makasi yangu ya kupogoa na lile koti la mvua.

Niambie unaonaje.

Bedan


Makongeni, Thika
Ijumaa, 16 Februari 2024

Baba Jackie,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi.

Pole kwa shamba. Najua vile ulilipenda. Kuna wakati nililionea wivu, lakini hayo ni ya zamani.

Sasa, unasema tunakosana kwa simu. Ni nani anakosana na mwingine? Mwezi wa kumi na moja nilikupigia nikakwambia shangazi yako Ngendo amelazwa. Ukanijibu, "Ni vizuri, msalimie." Nikakwambia Jackie ameachana na yule kijana wake wa Kahawa Wendani, binti yetu hali vizuri, wala halali usingizi. Ukasema hata huku kumenyesha. Nilikata simu nikakaa hapo kwa cherehani nikajiuliza, huyu mtu ananicheka ama amenichoka?

Halafu ukaja Krismasi. Ukakaa mezani kama mgeni aliyeletwa na mgeni mwingine. Ulicheka wakati wa kucheka umepita. Asubuhi yake ukashika njia kabla chai haijachemka. Jackie alilia. Mimi sikulia, mimi nilikunja shuka.

Nyumba unaijua, ni chumba na sebule. Sebule sasa ndiyo duka. Mapazia yanapendwa sana siku hizi, kila mtu anahamia ghorofa lenye madirisha makubwa. Vitambaa vimepanda mpaka karibu na dari. Mahali ulipokuwa unaketi pana meza ya kukatia.

Nipe muda nifikirie. Gachau ameniambia hana haraka ila ana haraka, kwa hivyo naishia hapa.

Wakonyo


Ruiru, shambani
Ijumaa, 23 Februari 2024

Mama Jackie,

Kufikiria nini? Mtu anafikiria kama mume wake arudi kwake?

Gachau hakutaka kusema, lakini nilimbana. Amekuja kwako mara mbili, na mara zote mbili amekuta viatu vya mwanamume mlangoni. Vikubwa, vya kazi, vyenye vumbi jeupe. Anasema ndani kulikuwa na mtu anapiga mluzi.

Kama kuna mtu, niambie. Mimi si wa kuja na rungu, umri huo umenipita, na hata nilipokuwa nao sikuwa mtu wa rungu. Lakini nisiwe wa mwisho kujua. Hilo tu ndilo naomba.

Nimeandika na nimefuta mengi. Haya ndiyo yamebaki.

Bedan


Makongeni, Thika
Ijumaa, 1 Machi 2024

Bedan,

Viatu ni vya Dismas. Dismas ni fundi anayenifungia vyuma vya mapazia kwa wateja. Ametoka Bungoma, anamwogopa mke wake kuliko Mungu, na anavua viatu mlangoni kwa sababu vitambaa vya arusi ni vyeupe na nilimwambia akivikanyaga atavilipa. Mluzi ni ugonjwa wake. Anapiga hata akila.

Hakuna mwanamume. Nimekaa na kalamu nikicheka peke yangu, kisha kicheko kikaisha. Laiti kungekuwa na mwanamume, Bedan. Ingekuwa rahisi kukueleza. Hata mchungaji angeelewa, wamama wa kanisa wangeelewa, wangenisema mwezi mzima halafu wangezoea.

Acha nikueleze kilichopo. Jioni nikifunika cherehani nazima taa ya sebule. Nachemsha chai. Napandisha miguu kitandani, nakula mkate na avokado, naangalia ukuta. Hakuna anayeniuliza naangalia nini. Nikitaka kushona saa tisa mchana ama alfajiri, nashona. Ukiwa umeenda shambani, miaka ile Jackie akiwa darasa la kwanza, nilikuwa nalala upande wa ukutani nikikuachia upande wako. Nilikaa hivyo muda mrefu sana, nikilinda nafasi ya mtu. Sasa nalala katikati ya kitanda. Sikumbuki ni usiku gani nilisogea.

Usifikiri nasema sina upweke. Kuna Jumapili mchungaji anasema geukia jirani yako umkumbatie, na natafuta kitu kwa mkoba hadi waketi. Kuna siku nimeshona pazia zuri nikainua kichwa nimwonyeshe mtu. Lakini upweke huu naujua pembe zake zote. Ule wa kukaa na wewe mezani, siku ile ya Krismasi, ule siuwezi.

Tulikaa mbali kwa sababu ya kazi, tukisema ni kwa muda. Kutoka hapa mpaka kwako ni nusu saa ya gari. Hakuna aliyetuzuia. Nafikiri tulichagua bila kuambiana.

Sitaki urudi. Sisemi kwa hasira. Nimelisema mbele ya kioo kwanza, nione kama nitaona haya. Niliona, lakini bado ni kweli.

Wakonyo


Makongeni, Thika
Ijumaa, 22 Machi 2024

Baba Jackie,

Wiki tatu Gachau anakuja mikono mitupu. Anapita, ananiamkia, anaangalia chini. Leo nimemkalisha kwenye kiti cha wateja nikamwambia hatoki mpaka anieleze.

Amenieleza.

Anasema Jumanne tingatinga lilianza kung'oa mistari ya chini, karibu na mto. Wewe ulikuwa mstari wa pili unakata matawi makavu, ati huwezi kuacha kahawa ife ikiwa chafu. Ulikuwa umeligeuzia tingatinga mgongo. Dereva akapiga honi. Watu wakapiga kelele. Wewe ukaendelea kukata, polepole, kama mtu aliye peke yake duniani, mpaka Gachau akakimbia akakuvuta kwa koti ukaanguka naye.

Nikamuuliza, kwani alikuwa amelewa? Akaniangalia kama mimi ndiye nimelewa. Akasema, "Mama, si unajua mzee hasikii?"

Anasema shamba lote linajua. Wanakugusa bega kabla ya kukusemesha. Wamezoea, hata vijana. Ameniambia ndiyo maana ulimpa redio.

Haiya, Bedan. Shamba lote, na mimi sijui. Mke.

Kwa hivyo nilipokuwa nakwambia Ngendo amelazwa, hukuwa unasikia. Nilipokukatia simu hukujua kama nimekata. Nimekuwa nikikuchukia miaka miwili, labda mitatu, kwa majibu uliyokuwa unabahatisha.

Sahau ile barua yangu. Ichome. Njoo nyumbani. Nimemwambia Dismas ahamishe vitambaa vyote, atajenga rafu juu ya kitanda, na meza ya kukatia tutaisukuma kando. Jackie naye amesema atakuchukua kwa gari la rafiki yake. Njoo hata kabla ya Aprili kuisha.

Mkeo,
Wakonyo


Ruiru, shambani
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Wakonyo,

Gachau ana mdomo, lakini alinivuta kwa koti, kwa hivyo nimemsamehe.

Ilianza na ndege. Sikujua wameondoka mpaka siku moja tukiwa kwa mistari, Gachau akasema wamepiga kelele sana leo, nami nikainua kichwa nikaona midomo yao inafunguka. Halafu zikaenda sauti za wanawake, halafu simu. Yako ilikuwa ikija kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nilikuwa nashika neno moja moja. Nikishika "mvua" najibu mvua. Daktari alisema ni ile pampu ya dawa ya miti, nimeibeba mgongoni miaka mingi mno, injini kando ya kichwa. Nilijaribu kifaa cha sikio cha rafiki yake Gachau. Kilinipa sauti ya sufuria zote za dunia, lakini watu hawakuwemo.

Krismasi nilikuwa nasoma midomo. Yako naiweza. Ya Jackie siiwezi, anageuka geuka akiongea. Nyinyi mlikuwa mnacheka, nikaona heri nami nicheke, nikachelewa. Ukaniangalia. Nilijua umeona kitu ila hukujua ni nini. Usiku mzima nilijiambia asubuhi nitakwambia. Asubuhi nikaondoka.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ningesema, ungesema njoo. Wewe ni mtu wa hivyo. Ulimtunza mama yangu hata baada ya yeye kukukataa.

Sasa nikuambie ukweli wangu, kwa vile wewe uliniambia wako. Mimi nataka kurudi. Nilitaka hata kabla shamba halijauzwa. Nilipoandika kwamba sina pengine, nilidanganya, pengine papo, hilo nitalieleza. Nilitaka tuzeeke tukiwa tumekaa tu, mtu na mtu wake, hata kama hakuna anayesema neno. Nilikuwa nalifikiria jambo hilo nikipogoa. Lilinifanya nipogoe vizuri.

Lakini nina barua zako mbili hapa. Ile ya Machi mosi ilinichoma, nikashindwa kujibu. Hii ya pili ni tamu. Nimeziweka pamoja nikaziangalia, na ile inayochoma ndiyo uliyoniandikia mimi. Hii tamu umeliandikia sikio langu.

Mwambie Dismas aache vitambaa vilipo.

Nimepata chumba Gitothua. Mwenye nyumba ni mama mmoja Mkamba anaitwa Kaluki, ana kitalu cha miche kando ya barabara, na anataka mtu wa kumpandikizia miavokado na miembe. Wateja wananyooshea kidole mche wanaoutaka, sihitaji masikio. Nitahamia kabla mwezi haujaisha.

Ukipenda kuona mahali nilipo, njoo Jumapili ya tarehe kumi na tisa Mei. Nitakuwa nimeshatulia. Si kuja kunichukua. Kuja kunywa chai.

Bedan


Makongeni, Thika
Ijumaa, 12 Aprili 2024

Bedan,

Umeniandikia kama mtu aliyekaa miaka mingi bila kuongea, na nafikiri ni hivyo.

Nimejaribu kusema umekosea kuhusu zile barua mbili, nikashindwa.

Tarehe kumi na tisa nitakuja. Usipike, nitakuja na chakula. Nilikuwa nimesahau kwamba unajua kuandika hivi.

Wakonyo


Gitothua, Ruiru
Jumanne, 21 Mei 2024

Wakonyo,

Gachau naye ameachishwa kazi, ameenda kwa ndugu yake Nyeri. Hii nitaipeleka posta mwenyewe.

Jumapili nilikungoja. Kwa vile najua sitasikia hodi, niliweka kiti kikiangalia mlango, nikauacha wazi. Nilikuwa nimeazima kwa Kaluki kiti cha pili na vikombe viwili. Mvua ikaja na upepo ikaanza kuingia mpaka kitandani, nikaufunga mlango, nikageukia meza kuendelea na miche kidogo. Kila baada ya muda nilikuwa nageuka. Kulipokaribia jioni nikarudisha kiti.

Najua mvua ilikuwa nyingi, barabara ya Thika huwa inajaa maji. Ama labda ulipata wateja. Si vibaya.

Sikulala njaa. Jioni Kaluki aliniletea chakula kwa bakuli, chapati na dengu na kabeji. Ni mama mwema.

Hapa ni pazuri. Nina dirisha moja linaloangalia kitalu. Watu hawanijui bado, kwa hivyo wananisemesha kwa nyuma na wanafikiri nina maringo.

Bedan


Makongeni, Thika
Jumatatu, 27 Mei 2024

Bedan,

Nilikuja.

Nimekaa siku nyingi nikitafuta pa kuanzia, na pa kuanzia ni hapo tu. Nilishuka Ruiru mvua ikiwa imepungua, nikauliza kitalu cha Kaluki, nikaonyeshwa. Niliamka mapema nikapika. Nilivaa lile gauni la bluu, na sijui kwa nini nakwambia hilo.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nilibisha, nikabisha tena, ndipo nikakumbuka. Nikashika kitasa. Hakikuwa kimefungwa kwa ufunguo, nilikisikia kikilegea. Kisha nikasikia sauti yako ndani nikadhani una mgeni. Nikasogea dirishani.

Ulikuwa umenipa mgongo. Ulikuwa peke yako, unafunga mche kwa kipande cha nailoni, na unaongea kwa sauti kubwa, Bedan, kwa sababu hujisikii. Ulisema, "Karibu, Wakonyo. Keti hapa. Hapana, keti hiki, ndicho kizuri." Ukanyamaza. Ukasema, "Safari ilikuwaje? Hukunyeshewa?" Ukanyamaza tena kama mtu anayepewa jibu. Halafu ukaanza upya kutoka "Karibu", safari hii polepole, ukitengeneza.

Nilisimama pale na kikapu. Nilijua vile ingekuwa. Ningesukuma mlango, ungegeuka, ungefurahi vile mtu hapaswi kufurahi kwa ajili ya mtu mmoja. Ningelala huko usiku huo. Jumatatu ningekwambia funga vitu twende, na nisingekuwa na nguvu ya kurudi kuwa huyu niliye sasa. Ningekutunza vizuri. Na kila jioni ningeangalia ukuta, wewe ukiwa umekaa mbele yake.

Nilitamani kuingia. Usifikiri sikutamani. Sijawahi kutamani kitu hivyo tangu nikiwa msichana. Ndiyo maana niliogopa.

Nilimpa Kaluki kikapu nikamwambia aseme ni chake. Alinitazama sana, hakuuliza. Nilifika stendi nikiwa nimelowa.

Sitakuja kuishi na wewe, wala sitakuita uje. Huo ndio uamuzi wangu na nitaubeba. Ukitaka tuachane kwa chifu na kwa kanisa, sitakuzuia. Lakini singeweza kukuacha ukidhani ilikuwa mvua.

Wakonyo


Gitothua, Ruiru
Jumamosi, 8 Juni 2024

Wakonyo,

Karani wa posta ameniandikia kwa kikaratasi, "Mzee, kwani mnapendana?" kwa sababu ni mimi peke yangu naleta barua ya mkono. Nimemjibu kwa kichwa tu, sijui alielewa nini.

Nilijua umekuja. Chapati zako unazikunja mara mbili kabla ya kuzisukuma, zinafunguka kwa matabaka. Kaluki zake ni kama kifuniko. Nilikula ya kwanza nikajua, nikatoka nje nikakimbia mpaka barabarani, ulikuwa umeshaenda. Nilirudi nikala zilizobaki.

Nilipokuandikia kwamba labda ni mvua, nilikuwa nakupa njia. Ungeshika ile njia, ukasema ndiyo, ni mvua, ningekusamehe. Lakini nafikiri nisingekuandikia tena.

Sikujua naongea kwa sauti. Nimeona haya sana kwa hilo. Siku mbili sikutaka kutoka. Kisha nikajiambia, angalau alinisikia.

Ile habari ya chifu sitaki. Kwa kanisa unaitwa mke wa Bedan, endelea kuitwa hivyo. Sitakuomba uje tena. Sisemi nimeridhika. Usiku ni mrefu, na kwangu hauna hata mbwa wa kubweka. Lakini kwa simu nilikuwa nimekupoteza kabisa, na hapa nimekupata kidogo. Nitachukua hicho kidogo. Niandikie vitu vidogo. Umepika nini, Dismas amevunja dirisha la nani, Jackie amelala vizuri ama hapana. Usinifichie kwa kunihurumia. Nami sitakufichia.

Zamu yangu. Wiki hii miche mingi imeshika, michache imekauka. Mteja mmoja alinipigia kelele kwa muda mrefu, nikamwangalia hadi akachoka, halafu akanunua miembe. Kaluki amejifunza kuniita kwa kutupa punje ya hindi. Avokado moja imetoa jani jipya jekundu leo asubuhi, nikageuka nimwonyeshe mtu, nikajua sasa ulikuwa unasema nini kuhusu lile pazia.

Naandika nikiwa nje kwenye benchi. Watu wanarudi kutoka kazini. Wengine wananiinulia mkono, nami nawainulia wangu. Giza limeanza kuingia na sioni mstari vizuri, kwa hivyo naacha hapa.

Nijibu, hata kama huna habari.

Bedan